Kununua nyumba au ploti Mukono: mwongozo kamili kwa mtu wa pesa za kawaida

Mtu akishachoka kulipa kodi ya nyumba Kampala, akiangalia bei za Naalya na Kira zinavopaa, macho yanaanza kuelekea Mukono. Ni kama kilomita 20 tu kutoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Jinja, viwanda vya Namanve viko njiani, kuna chuo kikuu cha UCU, shule za kila bei, na ploti bado mtu wa mshahara anaweza kuifikia akijikaza. Naandika hasa kwa sisi tuliokuja huku kutoka mbali, watu wa Arua, Gulu, Busia, Kasese, wanajeshi na polisi waliohamishiwa huku, wafanyabiashara wa mpakani, maana mambo ya mailo na kibanja, mifumo ya ardhi ya huku Buganda, hatukukua nayo na hapo ndo pesa zetu nyingi zinapotelea.

Kwa hiyo kabla hujauliza nyumba ina vyumba vingapi, uliza unauziwa haki gani. Nyumba yenye vigae na geti jeusi inaweza kuwa imekaa juu ya kyapa (hati) safi, au juu ya kibanja cha mtu (haki ya kukaa tu kwenye ardhi ya mwingine), au ndani ya chemichemi, na kwa macho zote zinafanana.

Pesa kwanza, na si bei ya nyumba peke yake

Tuseme umeona nyumba ndogo ya milioni 120. Juu ya hiyo kuna ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, hapo ni milioni 1 na laki 8. Kuna wakili, kuna mpima ardhi, kuna ada za ofisi ya ardhi, kuna mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na watu wake, kuna broka. Ukimaliza kulipa nyumba ukabaki na mfuko mtupu, utakaa na nyumba ambayo bado iko kwenye jina la mtu mwingine, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kukosa nyumba. Tenga pesa ya kuhamisha jina kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Wengine wanakushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili ushuru ushuke. Usikubali. Ushuru unahesabiwa kwa thamani anayoitoa mthamini wa serikali, kwa hiyo unaweza kudanganya na bado ulipe ileile, alafu siku mmegombana mko mahakamani, karatasi uliyosaini inasema ulitoa milioni 70 na wewe unalia ulitoa 120.

Mkopo wa benki upo, Housing Finance na benki nyingine wanatoa, lakini fanya hesabu ukiwa umekaa chini. Milioni 80 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 15 ni kama milioni 1 na laki 2 na elfu 30 hivi kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umelipa karibu milioni 222. Ndo maana wengi wetu tunanunua ploti tunajenga polepole, au tunapitia SACCO. Wanajeshi wana Wazalendo, polisi wana Exodus, na walimu na wafanyakazi wengine wana zao. Uzuri mmoja wa benki ni kwamba haitoi pesa juu ya kyapa chenye matatizo, kwa hiyo muuzaji akisikia unanunua kwa mkopo akaanza kukimbia, jiulize anakimbia nini.

Mukono ipi?

Mukono si mahali pamoja. Manispaa ina divisheni mbili, Goma na Mukono ya Kati. Goma ndo kuna Seeta na Namilyango, ni karibu na Kampala na bei iko juu. Ukivuka mji kuelekea Jinja unafika Mbalala na Namataba, ukikata kulia unaenda Kyetume mpaka Katosi kwenye ziwa, ukikata kushoto unaenda Kalagi, Nakifuma mpaka Kayunga. Ukizidi kuacha lami bei inashuka, lakini nauli inapanda na boda ya usiku inapanda zaidi.

Kabla hujachagua, safiri asubuhi kama mtu anayeenda kazini. Panda taksi Mukono mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, uone Seeta, Namanve na Bweyogerere zinavokamata. Broka atakupeleka Jumapili saa tano barabara ikiwa tupu na atakwambia "Kampala ni dakika thelathini tu", na siku hiyo hajakudanganya.

Alafu kuna miradi mikubwa inayopita upande huu. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja na reli mpya ya SGR ya kutoka Malaba zote zinapangwa kupita Mukono. Ploti inayouzwa kwa haraka na kwa bei ya huruma karibu na njia hizo, mpe mpima ardhi aangalie kama haimo ndani ya eneo la mradi. Ikiwa imo, fidia inaweza kumwendea mwenye jina kwenye hati na siyo wewe mwenye mkataba wa mkono.

Kyapa, kibanja, lizi: hapa tulia usome pole pole

Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya wananchi wa Uganda na inamilikiwa kwa njia nne: kimila, frihodi (umiliki kamili usio na muda), mailo na lizi (kukodi ardhi kwa miaka maalum). Kwetu Arua au Gulu kimila ndo kawaida, ardhi ni ya ukoo na wazee wanajua mipaka. Huku Buganda sehemu kubwa ni mailo, kitu kilichoanza na mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba wakapewa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, huku watu wa kawaida wakiwa tayari wanaishi juu yake. Matokeo yake mpaka leo kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na watu wawili wenye haki kisheria: mwenye kyapa, yaani hati, na mwenye kibanja anayeishi na kulima pale. Wote wawili wanaweza kukuuzia, na kila mmoja anakuuzia kitu tofauti.

Ukinunua kibanja unanunua haki ya kukaa na kutumia. Mwenye ardhi anabaki yuleyule na unamlipa busuulu kila mwaka, pesa ndogo inayopangwa kisheria. Sheria inakulinda, huwezi kufukuzwa ovyo, mpaka mahakama iamue na sababu iwe hujalipa busuulu. Lakini kuna masharti ambayo mabroka wanayaruka. Mwenye kibanja akitaka kuuza lazima kwanza ampe nafasi mwenye ardhi, na kibanja kikihamishwa bila ridhaa ya mwenye ardhi unajiweka pabaya sana, mauzo yenyewe yanaweza kuhesabiwa si kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa kibanja ni "Mwenye ardhi ni nani na yuko wapi?" Akijibu "huyo mzungumze baadaye, hana shida", simama hapohapo. Mtafuteni, muone uso wake, aandike ridhaa, achukue ada yake ya kukutambua kama mpangaji mpya, na akupe risiti ya busuulu kwa jina lako.

Swali la pili ni kibanja kilianzaje. Sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa bila kusumbuliwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995, kwa hiyo tunazungumzia mtu aliyekuwa pale tangu 1983 au nyuma zaidi, au mtu aliyewekwa pale na mwenye ardhi mwenyewe, au aliyenunua au kurithi kutoka kwa hao. Kijana wa miaka 30 anayekuuzia kibanja hawezi kuwa alikuwepo 1983, kwa hiyo lazima akuonyeshe kamba inayomuunganisha na mtu aliyekuwepo: mkataba wa zamani, karatasi za urithi, risiti za busuulu za baba yake. Kamba ikikatika katikati, huyo ni mtu tu aliyejenga kwenye ardhi ya mwingine.

Ukinunua kyapa unakuwa mwenye ardhi. Hapa kuna mtego wa pili, ambao unawapata hasa watu wenye pesa ya eka mbili tatu: bei iko chini, hati ni safi, search (upekuzi wa kumbukumbu za ofisi ya ardhi) ni safi, kumbe juu ya ardhi kuna familia tano za bibanja. Hati ikikuja kwa jina lako hao watu hawaondoki, unakuwa mwenye ardhi wao na unapokea busuulu ambayo haitoshi hata mafuta ya pikipiki. Ukitaka ardhi iwe tupu mnakubaliana nao, unawanunua kibanja chao au mnagawana ardhi, na hiyo kazi ni bora aifanye muuzaji kabla hujalipa.

Kuna ardhi ya Kabaka pia, inayosimamiwa na Buganda Land Board. Hiyo mwenye kibanja hauzi kimya kimya, mnaenda ofisini kwao, na kwa kawaida wanakupa lizi na unalipa kodi ya ardhi ya mwaka. Ardhi ya kanisa ni hivyohivyo, mwenye ardhi ni taasisi na ridhaa inatoka ofisini, haitoki kwa mchungaji wa mtaani hata akiwa mtu mwema namna gani.

Na kama wewe si Mganda, kwa maana ya uraia, Mkenya, Mtanzania, Mkongo: huwezi kumiliki mailo wala frihodi, unaruhusiwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikusaidii hapa, itifaki ya soko la pamoja imeachia kila nchi sheria yake ya ardhi. Watu wanaandikisha ardhi kwa jina la shemeji au rafiki, na urafiki ukiisha ardhi imekwenda naye. Chukua lizi ya wazi yenye jina lako.

Broka

Mtumie lakini usimwamini na pesa. Yeye anajua ploti zinazouzwa, basi. Atakwambia "Ssebo, kuna watu watatu wanaitaka, leo saa kumi inaondoka." Mwache iondoke. Ploti Mukono haziishi. Muulize mapema nani anamlipa, wewe au muuzaji, na kiasi gani, mwandike hata kwa meseji. Na lazima umfikie mwenye mali mwenyewe, si mdogo wake, si "manaja wake". Anayeuza kwa niaba ya mwingine awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na hata hapo mpigie mwenye mali simu ya video.

Kampuni za kuuza viwanja vya estate, zile zenye bendera barabarani, nazo zina maswali yake. Nyingi zinauza vipande kutoka kwenye kyapa mama na kukuahidi hati yako "baada ya miezi sita". Muulize kyapa mama kiko kwa jina la nani. Kama kiko kwa jina la mzee fulani ambaye kampuni bado inamlipa kidogo kidogo, wewe unalipa kampuni na kampuni inamlipa mzee, na yeyote kati yenu akikwama, wa mwisho kuumia ni wewe. Kama kimewekwa rehani benki ndo mbaya zaidi. Kama kweli kiko kwa jina la kampuni na hakina mzigo, basi siku unamaliza kulipa udai fomu za uhamisho na za mutesheni (kukata ploti kutoka kyapa mama) zilizosainiwa pamoja na ramani ya ploti yako, usiondoke na risiti peke yake.

Kwenda kuona

Nenda mara ya kwanza na broka, mara ya pili bila yeye, na mara nyingine mvua ikishanyesha. Ongea na majirani. Mimi napenda kutafuta mama mzee anayelima karibu, nakaa naye kidogo, namsaidia hata kubeba jerikani, alafu nauliza: "Jajja, wakati wa mvua nyingi maji huku yanafika wapi?" Jajja mmoja upande wa Kyetume hakujibu kwa maneno, alinyoosha mkono kwenye ukuta wa jiko lake, kulikuwa na mstari wa tope umekauka kama usawa wa goti. Ploti iliyokuwa inauzwa ilikuwa chini ya jiko lake.

Angalia majani. Ukiona mafunjo, matoke yaliyokonda, udongo mweusi unaonata, na moramu nyingi (udongo wa kujazia) imemwagwa juu juzi juzi, hapo ni chemichemi imefukiwa. Ardhi ya chemichemi serikali inaishika kwa niaba ya wananchi wote, na hati iliyotolewa juu yake baada ya katiba ya 1995 haina nguvu. 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, walibomoa nyumba za watu Lubigi, upande wa Wakiso na Kampala, na kati ya waliobomolewa kulikuwa na watu waliokuwa wanaishi pale miaka. Kwa ukanda wa ziwa Victoria, tuseme Katosi, kumbuka mita 200 kutoka majini ni eneo la kulindwa. Ukiwa na wasiwasi mpeleke mpima ardhi na vipimo vyake ofisi ya mazingira ya wilaya, waseme kwa maandishi.

Kama ni nyumba iliyokwisha jengwa, panda juu ya dari uangalie mbao, mchwa anakula kimya. Nyufa za kulala kama ngazi kwenye ukuta ni msingi unatembea, nyufa ndogo za plasta usiogope. Fungua bomba, washa taa zote, uliza shimo la choo liko wapi na kama gari la kunyonya linafika. Uliza plani iliyopitishwa na manispaa. Nyumba nyingi hazina, na hiyo ni sababu nzuri ya kushusha bei, maana mzigo wa kuihalalisha utaubeba wewe.

Hesabu ya hamsini kwa mia

Kila mtu anauza "hamsini kwa mia", futi. Hiyo ni futi za mraba 5,000, desimali (sehemu ya mia ya eka) kama 11 na nusu, na kwa hekta ni 0.046. Hati inaandikwa kwa hekta, na watu wengi hawaisomi hiyo namba. Ukiona hati imeandikwa hekta 0.040, ploti yako ni mita za mraba 400, yaani futi kama 43 kwa 100, na futi saba ulizolipia hazipo.

Hesabu nyingine: eka moja ni futi za mraba 43,560. Mtu akikwambia eka imetoa ploti nane kamili na barabara ya futi 20 katikati, pima. Ploti nane ni 40,000, inabaki 3,560. Barabara ya futi 20 kupita katikati ya ploti nne kwa nne ni futi 200 urefu, inataka 4,000. Haitoshi. Kwa hiyo ama barabara ni nyembamba ama ploti zimekatwa, na bahati mbaya wa mwisho kufika ndo anapata iliyokatwa.

Search

Omba nakala ya kyapa. Ardhi ya Mukono kwenye hati za mailo utaiona imeandikwa Kyaggwe, na namba ya Block na Plot, Kyadondo na Busiro ni pande za Kampala na Wakiso. Frihodi na lizi zinakuwa na Volume na Folio. Chukua namba hizo uende ofisi ya ardhi ya kanda iliyopo Mukono, ujaze fomu ya search, ulipe ada yake benki, usubiri majibu yenye muhuri. Ada ni ndogo, hata kama muuzaji ni mjomba wako lipa.

Majibu yatakwambia mambo matatu: nani mwenye jina, ukubwa gani, na kuna mzigo gani, yaani rehani ya benki au kaveti. Kaveti maana yake kuna mtu amesema "msiguse, nina madai hapa." Inaweza kuwa mke, mtoto wa marehemu, au mnunuzi mwingine aliyelipa kabla yako. Usikubali "hiyo kaveti tunaitoa wiki ijayo". Itolewe kwanza.

Search ifanye wewe au wakili wako. Ile ambayo muuzaji amekuletea tayari kwenye bahasha si search, ni karatasi. Na irudie siku ya kulipa au jana yake, kwa sababu ya mwezi uliopita haijui yaliyotokea wiki hii. Hati iliyo mkononi mwa muuzaji ifanane herufi kwa herufi na ile ya ofisini. Hati za kughushi zipo na zina muhuri mzuri tu, ndo maana mpaka ikaundwa tume ya jaji Catherine Bamugemereire kuchunguza haya mambo ya ardhi.

Mpima ardhi

Search inathibitisha karatasi, mpima ardhi anathibitisha kwamba karatasi ni ya pale mliposimama. Hii hatua watu wanaibania pesa na mimi naiona ni ya lazima kuliko zote. Kuna watu wameonyeshwa ploti nzuri juu kilimani, wakalipa hati ambayo ni halali kabisa, kumbe ni ya ploti ya chini bondeni.

Tafuta mpima aliyesajiliwa, umchague wewe, si wa broka. Atachukua vipimo kwa mashine, alinganishe na ramani ya ofisi, atafute mawe ya mipaka. Majirani wawepo siku hiyo, na LC. Jiwe likiwa limehamishwa jirani atasema siku hiyohiyo, ni afadhali mgombane kabla ya pesa kutoka. Uliza pia njia ya kuingia: iko kwenye ramani, au ni jirani tu aliyewaachia kupita? Ya kuachiwa inafungwa siku mtoto wake akirudi kujenga.

Familia

Kama muuzaji ana ndoa na familia inaishi pale au inategemea ile ardhi, sheria inataka mwenzi wake aridhie kwa maandishi. Usikubali kuambiwa "mke wangu yuko kijijini, amekubali". Aje, asaini, mpige picha. Kama mwenye jina amefariki, watoto hawawezi kuuza kwa sababu tu ni watoto, lazima awepo msimamizi wa mirathi mwenye barua za mahakama, na uangalie tarehe, maana kwa mabadiliko ya sheria ya urithi ya 2022 barua hizo zina muda wa kuisha. Na hata barua zikiwepo, ongea na watoto wengine. Yule aliyenuna kwenye kikao ndo atakayeweka kaveti.

Mkataba na kulipa

Kila upande uwe na wakili wake, mmoja kwa wote wawili ni kuokoa pesa vibaya. Mkataba uwe na namba za hati, ukubwa kwa hekta, bei yote, tarehe za malipo, na muuzaji akishindwa kuhamisha anarudisha nini na lini. Kama wewe au muuzaji Kiingereza kinawapiga chenga, mkataba usomwe na kuelezwa kwa lugha mnayoielewa na hilo liandikwe ndani yake. Usione aibu.

Mwenyekiti wa LC1 awepo kama shahidi, anawajua watu. Baadhi yao watataka asilimia ya bei, wanasema asilimia kumi. Hakuna sheria inayomgawia hiyo. Mpe kitu cha heshima mlichokubaliana mapema na kwa upole, "Chairman, tumekuja kwako kama mzee wetu", maana ndo utaishi naye.

Pesa ipite benki, jina la anayepokea liwe lilelile la kwenye hati. Igawanye: sehemu siku ya kusaini, sehemu kubwa unapokabidhiwa hati halisi na fomu za uhamisho zilizosainiwa, na salio la mwisho, tuseme asilimia 10 au 20, jina likishahama. Muuzaji mwenye nia safi atabishana kuhusu kiasi, lakini mpango wenyewe atauelewa. Na ukishalipa sehemu ya kwanza, mwambie wakili aweke kaveti yako ili asije mtu wa pili akauziwa hiyohiyo.

Kuhamisha jina

Unahitaji hati halisi, fomu ya uhamisho na ya ridhaa, picha za pasipoti, vitambulisho, na TIN, namba ya mlipakodi ya URA (mamlaka ya mapato). Kama ni lizi, ridhaa ya mwenye ardhi, mfano bodi ya ardhi ya wilaya. Ardhi inathaminiwa, unalipa ushuru wa stempu na ada ya usajili benki, unapeleka vyote ofisi ya kanda wanakupa karatasi ya kupokelea. Itunze hiyo karatasi na ufuatilie mwenyewe, inaweza kuchukua wiki kadhaa na ikikwama ni miezi. Hati ikitoka, kabla hujatoka mlangoni soma jina lako herufi kwa herufi. Kurekebisha "Odongo" iliyoandikwa "Odong" ni safari nyingine nzima.

Kwa kibanja hakuna hati, una mkataba, ridhaa ya mwenye ardhi na risiti. Ukipata nafasi na pesa, zungumza naye akuuzie kyapa cha kipande chako, wengi wanakubali.

Ukishapata

Weka alama ya uwepo haraka: uzio hata wa miti, mihogo, mtu wa kulala pale. Ploti iliyokaa porini mwaka mzima inapata mwenyewe mwingine. Kabla ya kujenga peleka plani manispaa, nchi nzima imewekwa chini ya mipango miji tangu sheria ya 2010, hata kama jirani yako alijenga bila.

Kama umenunua mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, yenye wapangaji, waambie rasmi wewe ndo unapokea kodi sasa, na URA inataka asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa nyumba ya kukaa, badilisha jina la akaunti ya maji NWSC na mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), siku hizi umeme ni UEDCL baada ya Umeme kumaliza mkataba wake Machi 2025. Kabla ya muuzaji kuondoka na funguo uliza deni la maji, na jaribu kununua tokeni ya elfu tano mbele yake. Yuniti zikitoka chache kuliko kawaida, kuna deni linakatwa kwenye ile mita, na hapo bado mna asilimia ya mwisho ya kuzungumzia.